Kukaza Tumbo kwa Upasuaji: Mwongozo Kamili kwa Aliyeko Mtwara au Lindi

Wanaokwama kwenye jambo hili hukwama mahali pawili, na ni palepale kila mara. Wa kwanza anakusanya pesa ya korosho, anapanda basi hadi Dar es Salaam, halafu daktari anamrudisha: damu ndogo, uzito mkubwa, au tumbo lenyewe si la kukatwa. Wa pili anafanyiwa vizuri kabisa, kisha anaharibu kazi yote ndani ya wiki mbili za kurudi nyumbani kwa sababu nyumba haikuandaliwa.

Nawaandikia hao wawili. Sikushawishi ufanye, wala sikukatazi. Sehemu ya chumba cha upasuaji nimeifupisha makusudi. Humo ndani utakuwa umelala, hakuna la kukosea.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mizani na futi ya fundi cherehani. Mizani ya duka la dawa inatosha, ila tumia ileile kila mara.
- Daftari la kuandika uzito wako kila mwezi, dawa unazotumia na maswali ya daktari.
- Kadi na karatasi za hospitali za zamani, hasa kama ulijifungua kwa upasuaji.
- Mtu mzima mmoja atakayekuuguza kwa wiki tatu bila kwenda kokote. Ahadi ya "tutapokezana" haitoshi.
- Mahali pa kufikia Dar es Salaam kwa wiki mbili hivi baada ya kutoka hospitali.
- Mikanda miwili ya kubana tumbo, saizi atakayotaja daktari. Usinunue mapema kwa kukisia.
- Mito minne, kitanda (si mkeka), na kiti cha choo. Hiki cha mwisho nitakirudia, maana ndicho kinachosahaulika kuliko vyote.
- Pesa ya upasuaji, na pesa nyingine pembeni ya matatizo. Kama ya pembeni haipo, bado hujawa tayari.

## Hatua ya 1: Jua una tumbo la aina gani

Upasuaji huu unatatua mambo mawili tu: ngozi iliyolegea na misuli ya tumbo iliyoachana. Mafuta ya chini ya ngozi hutoka kiasi pamoja na ngozi inayokatwa. Mafuta yaliyo ndani zaidi, yanayozunguka utumbo na ini, hayaguswi kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, lala kitandani ujipime.

Lala chali. Tumbo likimwagika pembeni na kulegea kama unga wa maandazi uliochachuka, tatizo lako kubwa ni ngozi na mafuta ya juu. Likibaki limesimama, gumu na la mviringo hata ukiwa umelala, hayo ni mafuta ya ndani au kitu kingine kabisa. Wanaume wengi wenye vitambi wako kundi hili la pili. Kisu hakiwasaidii, kinachowasaidia ni kupunguza bia, soda na sahani ya wali.

Sasa pima misuli. Ukiwa chali, kunja magoti, nyayo zikanyage godoro. Weka vidole vyako juu kidogo ya kitovu, vikiwa vimepangwa kimoja kando ya kingine kukatisha upana wa tumbo, ncha zikielekea miguuni. Inua kichwa taratibu kana kwamba unataka kuona vidole vya miguu. Utahisi kingo mbili ngumu zikibana vidole kutoka kushoto na kulia. Nafasi ya katikati ikimeza zaidi ya vidole viwili, misuli yako imeachana. Ni jambo la kawaida baada ya mimba, hasa mimba kadhaa au mapacha. Mkaja na kanga hushikilia tumbo na kukupa nafuu ya mgongo baada ya kujifungua, lakini havirudishi misuli iliyoachana sana.

Kisha shika ngozi ya chini ya kitovu kwa mikono miwili na uivute mbele. Ikija nyingi kama pindo la gauni, na ikiwa inaning'inia juu ya kovu la upasuaji wa uzazi mpaka chini yake panatoka jasho na vipele, hapo ndipo upasuaji unapofanya kazi yake vizuri.

Onyo. Tumbo lililokua ndani ya miezi michache, lenye uvimbe unaoushika kwa mkono, linaloambatana na hedhi nzito, maumivu au miguu kuvimba, si suala la urembo. Linaweza kuwa uvimbe wa kizazi, maji tumboni, bandama iliyokua, au mimba. Kuna wanawake waliohangaika na chai za kupunguza tumbo mwaka mzima kumbe wana uvimbe kwenye kizazi. Nenda ukapigwe ultrasaundi kwanza. Na kama kitovu kinachomoza ukikohoa, mwambie daktari: hiyo huenda ni ngiri, na hubadili mpango mzima.

Ukimaliza hatua hii uweze kusema kwa sentensi moja: "Tatizo langu ni ngozi," au "ni misuli," au "ni vyote viwili," au "ni mafuta ya ndani." Kama jibu ni hilo la mwisho, mwongozo huu unaishia hapa kwako, na umeokoa mamilioni.

## Hatua ya 2: Mambo yanayosimamisha safari

Jibu haya kwa ukweli, peke yako, kabla mtu mwingine hajakuuliza.

Bado unataka mtoto? Subiri. Mimba baada ya upasuaji inawezekana na kwa kawaida si hatari kwa mtoto, lakini itavuta tena ngozi na misuli iliyoshonwa. Utakuwa umelipia kitu ukakifumua.

Umejifungua karibuni au unanyonyesha? Subiri angalau miezi 6 baada ya kujifungua, na bora mwaka. Tumbo hujirudi lenyewe kwa kiasi kikubwa, na mazoezi ya kukaza misuli ya ndani, yale ya taratibu ya kuvuta kitovu kuelekea mgongoni, husaidia wengi.

Uzito umetulia? Daktari anataka kuona uzito usiopanda wala kushuka sana kwa miezi 6 hivi. Ukikatwa ngozi leo halafu ukapungua kilo 15, utalegea upya. Ukinenepa, kovu litapanuka.

Uwiano wa uzito na urefu wako ukoje? Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwanamke wa mita 1.58 mwenye kilo 82: 1.58 mara 1.58 ni kama 2.5, na 82 gawanya kwa 2.5 ni karibu 33. Madaktari wengi wanataka chini ya 30, wengine hukubali mpaka 35 kwa masharti. Huyu mama, ili afike 30, ashuke hadi kilo 75. Hizo saba anaweza kuzipunguza kwa miezi kadhaa akiwa hapahapa Masasi au Nachingwea: ugali upungue nusu, mboga iongezeke, chai isiwe na sukari, na kutembea kila jioni. Uwiano mkubwa unamaanisha kidonda kinachochelewa kupona, maji kujikusanya chini ya ngozi, na hatari zaidi ya damu kuganda.

Unavuta sigara, shisha au unatumia ugoro? Acha kabisa angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baada. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu. Ngozi iliyovutwa na kushonwa inategemea mishipa hiyohiyo. Ikikosa damu, kipande cha ngozi hufa na kuwa cheusi. Hapa hakuna mjadala, na daktari anayekwambia "punguza tu" anakuhurumia mahali pasipofaa.

Una kisukari, presha, selimundu, au uliwahi kupata damu iliyoganda mguuni? Si lazima uambiwe hapana, ila lazima isemwe. Vilevile vidonge vya majira vyenye homoni ya estrojeni huongeza uwezekano wa damu kuganda; daktari anaweza kukubadilishia njia wiki kadhaa kabla.

Makovu yako huwa yanavimba? Angalia masikio ulipotoboa, bega ulipochanjwa, chale kama unazo, na kovu la upasuaji wa uzazi. Kama mojawapo limeinuka, gumu, linawasha na limevuka mipaka ya jeraha la awali, ngozi yako ina tabia ya kiloidi. Sisi wenye ngozi nyeusi tunapata zaidi. Kovu la upasuaji huu linakwenda kutoka nyonga hadi nyonga, kwa hiyo fikiria unabeba kiloidi ya urefu huo.

## Hatua ya 3: Vipimo, hapahapa kusini

Usibebe mashaka kwenda nayo Dar es Salaam. Vipimo vya msingi vinafanyika Hospitali ya Ligula mjini Mtwara, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Hospitali ya Sokoine ya Lindi, na kwenye hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao. Omba wingi wa damu, kundi la damu, sukari, presha, figo na ini, VVU, mimba, mkojo, na ultrasaundi ya tumbo.

Wengi huona aibu kusema wanafikiria upasuaji wa urembo, hivyo hudanganya kuwa tumbo linauma na kuishia kupewa dawa za vidonda vya tumbo. Sema wazi:

"Habari za kazi, daktari. Nina mpango wa kufanyiwa upasuaji wa kukaza tumbo. Kabla ya kusafiri naomba nijue kama afya yangu inaruhusu, na kama hili tumbo halina ugonjwa mwingine."

"Sawa mama. Umezaa mara ngapi, na wa mwisho ana miaka mingapi?"

Umeona, mazungumzo yameshafunguka.

Kinachowakwamisha watu wa pwani yetu ni damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, wingi wa kawaida ni gramu 12 kwa desilita na kuendelea. Malaria, minyoo, hedhi nzito na uzazi wa karibukaribu huishusha bila wewe kuhisi. Ikiwa ndogo, tafuta chanzo, tumia vidonge vya madini ya chuma kama utakavyoelekezwa, na kula dagaa, maini, kunde na mbaazi. Kupanda kwake huchukua wiki, pengine miezi. Ndiyo maana hatua hii ije mapema na si wiki ya safari.

Ukifanikiwa utakuwa na bahasha moja yenye majibu yote, na hakuna jibu hata moja lenye alama ya swali.

## Hatua ya 4: Mtafute daktari, umhoji

Unayemtafuta ni daktari bingwa wa upasuaji rekebishi na urembo. Daktari wa upasuaji wa kawaida anaweza kuwa fundi hodari wa ngiri na appendiksi na bado hii isiwe kazi yake. Kwa sisi wa kusini safari kwa kawaida ni Dar es Salaam. Muhimbili, ikiwemo tawi la Mloganzila, ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza. Hakikisha jina la daktari limo kwenye rejista ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Ni haki yako, na daktari wa kweli hakasiriki.

Epuka yeyote anayepanga bei kwa ujumbe wa simu bila kukushika tumbo, anayefanyia kwenye saluni au nyumba ya wageni, au anayekuahidi sindano ya "kuyeyusha nyama uzembe" kwa siku moja. Kunyonya mafuta kwa mrija nako ni jambo jingine: kunaondoa mafuta lakini hakukazi ngozi wala misuli, na kwa tumbo lililolegea kunaweza kuacha ngozi ikining'inia zaidi.

Maswali ya kumuuliza, yaandike kwenye daftari:

1. Daktari, kwa tumbo langu utafanya upasuaji kamili au mdogo wa chini ya kitovu? Kwa nini?
2. Misuli utaishona? Kitovu kitahamishwa?
3. Nani atanipa dawa ya usingizi, na hospitali ina chumba cha uangalizi maalumu na akiba ya damu?
4. Utanikinga vipi na damu kuganda?
5. Nionyeshe picha za wagonjwa wako wenye ngozi kama yangu, za mwaka mmoja baada ya upasuaji.
6. Nikipata tatizo nikiwa tayari Mtwara, nampigia nani, na gharama ya kurekebisha ni ya nani?

Swali la tano ni muhimu kuliko linavyoonekana. Picha ya wiki ya tatu haisemi kitu. Kovu la ngozi nyeusi hujionyesha baada ya miezi.

Kuhusu pesa, dai hesabu ya maandishi yenye mgawanyo: daktari, dawa ya usingizi, chumba, vipimo, dawa, mikanda, kutembelewa baada ya hapo. Bima kwa kawaida hailipii upasuaji wa urembo. Kama una ngiri ndani yake, uliza kama sehemu hiyo italipiwa. Mara nyingine inawezekana.

Usilipe siku hiyohiyo. Rudi ulikofikia, lala, soma majibu yake upya asubuhi. Ukiona daktari amekutajia madhara kabla hujamuuliza, hiyo ni ishara njema.

## Hatua ya 5: Chagua mwezi

Huku kwetu pesa huja na minada ya korosho, kuanzia Oktoba kuelekea mwisho wa mwaka, na kishawishi ni kwenda Desemba au Januari pesa ikiwa bado ya moto. Fikiria tena. Mvua zetu zinaanza Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam haiaminiki nyakati hizo. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata na magari yakakwama. Sasa fikiria uko na mirija ya kutoa maji ya kidonda tumboni, upande wa pili wa mafuriko.

Kwa maoni yangu Juni hadi Agosti ndiyo miezi bora: kavu, baridi kidogo, mkanda wa kubana hautakupikia jasho. Kasoro yake ni kwamba ndiyo miezi ya kupuliza salfa kwenye mikorosho. Lipa mtu apulize. Vumbi la salfa linakohoza, na kukohoa na tumbo lililoshonwa ni adhabu.

Usipange wiki zako sita ziingiliane na Ramadhani. Mwili unaopona unahitaji maji na chakula mchana kutwa, na dawa zina saa zake. Mgonjwa ana ruhusa ya kulipa siku zake baadaye, lakini kwa nini ujiweke kwenye mtihani huo wakati mwezi ungeweza kuuchagua?

## Hatua ya 6: Andaa nyumba kabla ya kuondoka

Hapa ndipo wale wa pili hukwama, kwa hiyo twende polepole.

Choo. Kwa wiki kadhaa hutaweza kuchuchumaa na kuinuka. Misuli imeshonwa katikati. Kuchuchumaa kunaikunja, kuinuka kunaivuta. Kama choo chenu ni cha shimo, mpe fundi seremala kazi ya kutengeneza kiti imara chenye tundu katikati, kimo cha goti, kisimamishwe juu ya tundu la choo. Wengine hutoboa kiti cha plastiki. Sawa, ila kiweke mbao chini kisipinduke. Kikalie mwenyewe kabla hujasafiri. Kikiyumba sasa, kitakuangusha baadaye. Weka na kamba au mti wa kushikilia ukutani.

Kitanda. Utalala mgongo umeinuka na magoti yamekunjwa, mito miwili mgongoni, miwili chini ya magoti. Mkao huo unalegeza mshono. Mkekani huwezi kuupata, na kuamka kutoka chini ni kuvuta tumbo. Jizoeze sasa kuamka kwa kugeukia ubavu, kushusha miguu, kisha kujisukuma kwa mikono.

Maji. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Hutabeba hata nusu yake kwa wiki sita; kikomo cha kawaida ni kilo 4 au 5. Panga nani atachota na ulipe mapema.

Mtoto. Wa miaka miwili ana kilo zaidi ya kumi. Mfundishe kuanzia sasa kupanda mwenyewe kitandani kuja kukukumbatia, badala ya kunyanyuliwa.

Wakubwa wa nyumbani. Mama, shangazi na bibi watataka kukukanda kwa maji ya moto kama mzazi. Kaa nao chini kabla, uwaeleze kwa heshima: "Bibi, safari hii sikandwi. Daktari amekataza, hapa pote pana ganzi, nitaungua bila kujua." Ni kweli tupu. Ngozi ya chini ya kitovu hupoteza hisia kwa miezi, na chupa ya maji ya moto inaweza kuibabua huku mwenyewe unasema "mbona haijapata moto?"

## Hatua ya 7: Wiki ya mwisho na siku yenyewe

Mwambie daktari kila unachotumia, zikiwemo dawa za miti shamba, vidonge vya kupunguza mwili na dawa za maumivu za dukani. Aspirini, diklofenaki na baadhi ya mitishamba huongeza kutoka damu. Usiache dawa ya presha au sukari bila kuambiwa.

Hakuna chakula kwa saa 6 au zaidi kabla ya usingizi; maji matupu kwa kawaida huruhusiwa hadi saa 2 kabla, ila fuata hospitali inavyosema. Ukificha kikombe cha uji ulichokunywa alfajiri, kinaweza kuingia mapafuni ukiwa umelala. Toa kucha za bandia, rangi ya kucha na vito. Hina ya vidoleni nayo huvuruga kipimo cha hewa ya damu, kwa hiyo usipake wiki hizo.

Daktari atakuchora ukiwa umesimama. Baada ya nusu kaputi, atakata chini, juu kidogo ya kinena, toka nyonga hadi nyonga. Atainua ngozi mpaka karibu na mbavu, atashona misuli iliyoachana, atavuta ngozi chini na kukata iliyozidi, kisha atatoboa mahali papya pa kitovu. Ni saa 2 hadi 4, zaidi kama kuna kazi ya ziada. Fomu ya ridhaa isome yote kabla ya kutia saini, hata kama muuguzi ana haraka.

## Hatua ya 8: Siku za kwanza, na safari ya kurudi

Utaamka umebanwa mkanda, una mirija inayotoa maji mekundu, na huwezi kunyooka. Ni sawa. Utatembea umeinama kama bibi mwenye mkongojo kwa wiki moja au mbili. Usijilazimishe kusimama wima.

Lakini tembea. Siku hiyohiyo au kesho yake, hatua chache kwa kushikwa mkono, kisha kila saa chache. Ukiwa kitandani chezesha nyayo juu na chini. Damu isiyotembea huganda kwenye mguu, na bonge likikatika likafika mapafuni linaua. Hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote katika upasuaji huu.

Muuguzaji wako aandike kila siku maji yaliyotoka kwenye kila mrija. Mirija hutolewa maji yakipungua, mara nyingi chini ya mililita 30 kwa saa 24, na wengi hufika hapo ndani ya wiki moja au mbili. Usiitoe mwenyewe, wala asikutolee jirani aliyewahi kufanya kazi zahanati.

Sasa safari. Dar es Salaam hadi Mtwara ni kilomita zipatazo 560, Lindi ni karibu 450. Kwa basi ni kutwa nzima ya kukaa umekunja miguu. Kukaa safarini zaidi ya saa 4 huongeza hatari ya damu kuganda hata kwa mtu mzima wa afya, sembuse aliyetoka kupasuliwa. Kwa hiyo kaa Dar es Salaam mpaka mirija itoke na daktari akuruhusu kwa kinywa chake, kwa kawaida wiki mbili. Ndege hadi Mtwara ni kama saa moja, nayo inahitaji ruhusa yake. Ukilazimika kwenda kwa gari, tafuta gari dogo litakalosimama kila baada ya saa moja na nusu, kwa mfano Kibiti, Somanga na Nangurukuru, ushuke utembee. Dereva wa basi hatakusimamia.

Usiondoke bila barua ya daktari yenye alichofanya, dawa ulizopewa na namba yake. Mpelekee daktari wa hospitali iliyo karibu nawe siku ya kwanza ukifika, ukiwa mzima. Hapo ukipata shida usiku wa manane hutaanza kujieleza upya.

## Hatua ya 9: Wiki sita za nyumbani

Mkanda uvaliwe karibu saa zote, wiki sita au kama utakavyoambiwa. Vaa fulana ya pamba ndani, fua mmoja uvae wa pili. Usiubadilishe kwa kanga uliyokaza fundo: kanga hujikunja ikawa kamba na kubana mstari mmoja.

Choo kigumu ni adui. Dawa kali za maumivu hufunga tumbo, na kujikamua kunavuta mshono. Kunywa maji mengi, kula papai, mboga za majani na maharage kidogo, na uombe dawa ya kulainisha mapema badala ya kusubiri siku ya nne. Ukitaka kukohoa au kupiga chafya, kumbatia mto tumboni kwanza.

Kama unaswali, swali ukiwa umekaa kitini. Usiiname kufagia, kufua wala kukuna nazi kwenye mbuzi. Ukijisikia mzima wiki ya tatu, na wengi hujisikia, hiyo ndiyo wiki ya hatari. Misuli ya ndani bado haijashika.

Nenda hospitali mara moja, usiku au mchana, ukiona:

- mguu mmoja umevimba au shavu la mguu linauma;
- pumzi inakata ghafla, kichomi, au makohozi yenye damu;
- homa inayofika nyuzi 38 na zaidi;
- tumbo limevimba upande mmoja kwa kasi, au mrija unajaa damu mbichi;
- usaha, harufu mbaya, au ngozi inayobadilika kuwa nyeusi na kutoa malengelenge.

Kwenye ngozi nyeusi usisubiri kuona wekundu. Gusa kwa mgongo wa kiganja: pana moto kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, panang'aa, pameiva rangi? Hayo ndiyo maambukizi yanavyoonekana kwetu.

Kama ukigusa tumbo linacheza kama maji ndani ya mfuko, bila homa, huenda maji yamejikusanya chini ya ngozi. Hutokea mara nyingi na hutolewa kwa sindano hospitalini. Usilikande.

## Hatua ya 10: Kovu, kazi na kupima matokeo

Uvimbe huchukua miezi, na jioni huwa mkubwa kuliko asubuhi. Usihukumu kazi ya daktari kabla ya miezi 6. Kovu litakuwa jeusi na gumu kabla ya kutulia, kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu. Daktari akiruhusu, tumia plasta za silikoni na uifunike sehemu hiyo isipigwe na jua. Likianza kuwasha na kupanda, rudi mapema. Sindano za kiloidi husaidia zaidi likiwa changa. Usipake krimu za kung'arisha.

Kwenye mizani utaona kilo chache tu zimepungua. Kipimo chako ni futi ya fundi cherehani, gauni linavyokaa, na vile vipele vya chini ya ngozi vilivyoisha.

Kazi ya kukaa ofisini au dukani, wengi hurudi kati ya wiki ya pili na ya nne. Shamba, kubeba mizigo na mazoezi ya tumbo, baada ya wiki sita hadi nane na kwa ruhusa. Kwa wabanguaji wa korosho kuna jambo la ziada: mafuta ya ganda yanababua ngozi, na wewe hapo tumboni bado huhisi. Ukirudi kibanguoni, vaa aproni nzito inayoshuka mpaka mapajani, usifutie mikono kwenye gauni, na kila jioni kagua kovu kwa kioo.